Mashine Ndogo, Losheni Isiyotengana: Mwongozo Kamili wa Kuchanganya Mikupuo Midogo

Nenda kwenye mabanda ya wajasiriamali, iwe Sabasaba au Nanenane, uchukue chupa tano za losheni ya mtengenezaji mmoja uzigeuze juu chini. Mara nyingi hazifanani. Moja ni nzito, ya pili inatiririka kama maziwa, ya tatu imekusanya maji chini, ya nne imejaa vipovu hadi shingoni. Mwenye banda atakuambia resipe ni ileile, na anasema kweli. Jumatatu alikoroga kwa nguvu akiwa na muda, Alhamisi alikuwa na oda ya haraka akakoroga nusu ya muda ule, na losheni ikapoa upande mmoja kabla ya mwingine.

Hapo ndipo mashine ndogo ya kuchanganyia inapokuja kusaidia. Wengi hununua ili wapumzishe mkono, na mkono kweli utapumzika, lakini faida kubwa ni kwamba mkupuo wa leo, yaani losheni yote unayoichanganya kwa mara moja, utafanana na wa mwezi jana. Faida hiyo utaipata tu ukiandika kasi, muda na joto kila unapochanganya. Mwongozo huu ni kwa mtu anayetengeneza kuanzia gramu 500 hadi kilo 5 kwa mara moja, jikoni au kwenye chumba kidogo cha kazi, na ambaye tayari anajua kupima malighafi kwa mizani.

Kinachotokea ndani ya jagi

Losheni ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji. Mafuta na maji havipatani, kwa hiyo tunaweka imalsifaya, nta ya kuunganisha, ambayo hulizunguka kila tone na kulizuia lisiungane na jirani yake. Imalsifaya inakaa kwenye ngozi ya tone tu. Kazi ya kulivunja tone liwe dogo ni ya nguvu ya kukata, na mwiko hauna nguvu hiyo.

Udogo wa tone ndio kila kitu. Kasi ya tone la mafuta kupanda juu hutegemea mraba wa kipenyo chake: tone likiwa na nusu ya ukubwa, linapanda polepole mara 4, likiwa sehemu moja ya kumi, mara 100. Mashine yenye kisu kinachozunguka ndani ya kikombe chenye matundu huweza kushusha matone hadi mikroni chache, na mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita. Losheni ya aina hiyo inakuwa nyeupe zaidi na laini zaidi mkononi, na inakaa muda mrefu bila kutengana, kwa resipe ileile uliyokuwa ukikoroga kwa mwiko.

Lakini nguvu hiyo ina wakati wake. Ikitumika losheni ikiwa moto, inajenga. Ikiendelea losheni ikishapoa na nta zikaanza kuganda, inabomoa ule mtandao wa nta unaoipa uzito, nayo inalegea na hairudi. Kwa hiyo kuna kazi mbili tofauti: kukata kwa kasi wakati wa moto, na kukoroga taratibu wakati wa kupoa. Anayezichanganya hizi mbili ataona mashine nzuri ikimharibia kazi.

Uchague mashine gani

Kwa majaribio ya gramu 50 hadi 100, kipekecho kidogo cha betri cha kutoa povu la maziwa kinatosha kukuonyesha kama resipe inashika, ingawa kinaingiza hewa nyingi. Usikitumie kwa bidhaa ya kuuza.

Mashine ambayo ningemshauri mtu yeyote aanze nayo ni blenda ya mkono, ile ndefu ya kutumbukiza, ya wati 300 hadi 600. Kichwa chake tayari ni kisu ndani ya kikombe chenye uwazi pembeni, na inaweza kushughulikia kati ya gramu 500 na kilo 2 vizuri. Angalia mambo matatu kabla ya kulipa. Mguu uwe wa chuma cha pua hadi chini, kwa sababu wa plastiki unaweza kupinda kwenye joto la nyuzi 75 na hushika harufu. Mguu uwe unafunguka kutoka kwenye mota ili uoshwe. Kasi iwe inarekebishika kwa namba, maana "kasi ya kati" ya kukisia kwa kidole huwezi kuiandika kwenye daftari. Soma pia kibandiko au karatasi yake: nyingi haziruhusiwi kuzunguka zaidi ya dakika 1 mfululizo bila kupumzika. Mota ikianza kutoa harufu ya kuungua, umeshachelewa kuizima.

Blenda ya juisi iache jikoni. Inavuta hewa kutoka juu na kuigeuza losheni kuwa povu, mvuke wa moto unaweza kurusha kifuniko, na mpira ulio chini ya kisu hushika mabaki ambayo hutayafikia kwa brashi. Mabaki hayo ndiyo makao ya bakteria.

Kifaa cha pili kununua si mashine kubwa ya kukata. Ni ya kukoroga taratibu: mota iliyofungwa kwenye stendi, yenye fimbo na pangaboi ndogo mwishoni, inayoweza kushuka hadi mizunguko 100 au 200 kwa dakika. Hii inakaa na losheni muda wote wa kupoa wakati wewe unabandika lebo. Ukiwa huna, mikisa ya keki yenye bakuli la chuma na pigio la umbo la jani, sio la waya, hufanya kazi hiyo kwenye kasi ya chini kabisa. Mikisa hiyo pia ndiyo yenyewe kwa siagi ya mwili ya kupigwa, ambayo haina maji na haihitaji kukatwa.

Homojinaiza ndogo ya maabara, yenye kichwa cha chuma na kasi ya maelfu ya mizunguko, ni nzuri kweli, na inavumilia kazi ambayo blenda ya jikoni haiwezi. Inunue pale ambapo oda zimekuwa za kila wiki. Na ununue yenye kichwa cha ukubwa wa chombo chako: kichwa chembamba cha kazi ya mililita 100 ukikitumbukiza kwenye kilo 3, kitazungusha losheni ileile iliyokizunguka na kuacha ya pembeni.

Vinavyokwenda na mashine

Mizani ya kusoma gramu 0.1, na nyingine ndogo ya gramu 0.01 kwa kihifadhi, yaani dawa ya kuzuia vijidudu. Kipimajoto cha kuchomeka, viwili ikiwezekana. Mwiko wa silikoni. Kipimo cha pH (kiwango cha asidi), au vipande vya karatasi vinavyosoma kati ya 4 na 7. Spiriti ya asilimia 70.

Chombo cha kuchanganyia nacho kina umuhimu wake. Chagua kirefu chembamba, mfano jagi la chuma cha pua ambalo kilo 1 ya losheni inalijaza theluthi mbili. Kwenye sufuria pana losheni inakaa kimo kifupi, kichwa cha blenda kinachungulia juu, na hewa inaingia moja kwa moja.

Kuhusu maji: tumia yaliyoondolewa madini, kutoka kwa muuzaji wa maabara au dawa. Usichukue maji ya betri kwa fundi wa magari. Maduka hayohayo huuza maji makali, yaani asidi, na chupa zinaweza kufanana.

Resipe ya kujifunzia, kilo 1

Nimeipanga kwa malighafi zinazopatikana Afrika Mashariki bila shida: nazi ya Pwani, alizeti ya Singida, shea kutoka kaskazini mwa Uganda.

Sehemu ya maji:
- maji gramu 728
- EDTA (unga wa kufunga madini) gramu 2
- gliserini gramu 40
- ksanthani (unga wa kufanya maji yawe mazito) gramu 3

Sehemu ya mafuta:
- imalsifaya ya nta gramu 60
- setili alkoholi (nta ya kuipa losheni uzito) gramu 20
- mafuta ya nazi gramu 50
- mafuta ya alizeti gramu 50
- siagi ya shea gramu 30

Sehemu ya mwisho, baada ya kupoa:
- kihifadhi cha fenoksietanoli na ethilheksiligliserini gramu 10
- vitamini E gramu 3
- harufu gramu 4

Vitamini E haizuii bakteria wala ukungu. Inachelewesha mafuta kuchacha, basi. Nasisitiza kwa sababu wapo wanaouza losheni yenye maji kwa jina la "asilia, haina kihifadhi" wakiamini vitamini E au mafuta ya mchaichai yanatosha. Bidhaa yenye maji asilimia 70, kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, ikichokolewa kwa vidole kila siku, itaota vijidudu, na mara nyingi itakuwa imeota kabla ya kunuka au kubadilika rangi. Mteja mwenye mtoto mchanga au ngozi iliyochubuka ndiye atakayeumia.

Siku ya kazi, hatua kwa hatua

Anza na usafi. Futa meza, osha vyombo kwa maji moto na sabuni, suuza, kisha nyunyizia spiriti ya asilimia 70 na uache ikauke yenyewe. Asilimia 70 inaua vizuri kuliko kali ya 95, kwa sababu maji yaliyomo husaidia spiriti kupenya kijidudu kabla haijapaa. Kichwa cha blenda nacho kipuliziwe, lakini plagi iwe nje ya soketi, jiko liwe limezimwa, na usiwashe mota hadi kikauke kabisa. Mota hizi hutoa cheche ndogo ndani, na mvuke wa spiriti unawaka. Funga nywele, vua bangili, na ncha za mtandio zichomekwe ndani: fimbo inayozunguka inavuta kitambaa kabla hujafikiria kuachia.

Pima kila kitu kwanza, ndipo uwashe jiko. Ksanthani usiimwage kwenye maji ikiwa kavu, itafanya mabonge yenye unga ndani ambayo hata mashine huhangaika nayo. Ikoroge kwanza kwenye gliserini hadi iwe uji mwepesi usio na vidonge, kisha umimine uji huo kwenye maji yenye EDTA huku blenda ikizunguka kwa kasi ndogo. Ndani ya dakika moja maji yatakuwa mazito kidogo, kama maji ya bamia. Pima uzito wa chombo pamoja na maji yake na uuandike.

Weka chombo cha maji na chombo cha mafuta ndani ya sufuria pana yenye maji yanayochemka kidogo. Mafuta usiyaweke moja kwa moja juu ya moto. Chini yataungua wakati juu bado kuna vipande vya nta. Subiri vyote viwili vifike kati ya nyuzi 70 na 75 na uvishikilie hapo dakika 20. Nta zote zinayeyuka kabisa, na vijidudu vingi vilivyoingia na malighafi vinakufa. Spora zake, yaani mbegu zake ngumu, hazifi kwa joto hili, ndiyo sababu kihifadhi bado kinahitajika.

Dakika 20 za mvuke zimekula maji. Rudisha chombo cha maji kwenye mizani, uone kimepungua kiasi gani, na ujazie kwa maji mengine safi ya moto. Kwenye kilo 1 upungufu wa gramu 30 au 40 si ajabu, na ukiuacha, kila mkupuo utakuwa na uzito wake. Sehemu kubwa ya malalamiko ya "leo imekuwa nzito" inaishia hapa.

Sasa hakikisha tofauti ya joto kati ya vyombo viwili haizidi nyuzi 5. Mafuta ya moto yakikutana na maji yaliyopoa, nta huganda papo hapo kabla ya kusambaa, na utaona chembe kama za mchele uliosagwa ambazo hazitaondoka.

Tumbukiza blenda kwenye maji kabla ya kumimina mafuta. Iingize ikiwa imelala upande, uione hewa iliyonaswa chini ya kikombe ikitoka kwa mapovu makubwa mawili matatu, ndipo uisimamishe. Kichwa chote kizame, kisiguse chini. Mimina mafuta polepole, yote, kisha washa kwa kasi ndogo sekunde 10, halafu panda hadi kasi ya juu uliyoichagua.

Hapa utazame kwa makini, kwa sababu badiliko linatokea mbele ya macho yako. Sekunde za mwanzo kuna michirizi ya njano juu ya maji meupe. Kisha michirizi inamezwa, mchanganyiko unakuwa mweupe wote, na juu yake hakuna tena jicho la mafuta hata moja. Sikiliza pia: sauti ya mota inashuka kidogo kadiri losheni inavyokuwa nzito. Weupe huo usikudanganye ukazima. Matone bado yana ukubwa tofauti, na makubwa ndiyo yatakayopanda juu wiki ijayo. Zungusha dakika 1, pumzisha sekunde 30 huku ukikwangua pembeni kwa mwiko wa silikoni, zungusha tena dakika 1, pumzisha, zungusha ya tatu. Wakati wote sogeza kichwa taratibu kutoka chini kwenda katikati, bila kukitoa juu ya uso. Shimo la kimbunga likitokea juu, punguza kasi au inamisha mguu kidogo, maana hewa inaingia kupitia shimo hilo.

Dakika 3 za kukata zinatosha kwa kilo 1. Kuongeza nyingine 10 hakuyafanyi matone kuwa madogo zaidi kwa kiasi cha maana. Kila kichwa na kasi yake vina kikomo chao. Unachoongeza ni hewa, na joto la mota.

Kupoza: hatua inayoharibu mikupuo mingi

Watu wengi humaliza kukata, hufunika sufuria na kwenda kufanya shughuli nyingine. Losheni inapoa kuanzia pembeni na juu, inafanya ngozi, katikati bado ni moto, na ukija kukoroga baadaye ile ngozi inavunjika vipande vipande. Mvuke nao unaganda chini ya kifuniko na kudondoka juu ya losheni. Matone hayo ya maji hayana kihifadhi, na ukungu wa kwanza huanzia juu hapo.

Toa chombo kwenye maji ya moto, kiweke kwenye beseni la maji ya kawaida ya bombani, na uanze kukoroga taratibu kwa mashine ya stendi au mikisa, mizunguko kati ya 150 na 300 kwa dakika. Pangaboi liwe karibu na chini, na losheni yote iwe inatembea, hata ya pembeni. Ukiona ukingo uliosimama, mashine iko polepole mno au pangaboi ni dogo. Usitumie barafu. Chuma kikipoa ghafla, nta inaganda ukutani na kurudi ndani ikiwa chembechembe.

Ikifika nyuzi 55 hivi, rudisha blenda ya mkono sekunde 20 hadi 30 tu. Hii inarekebisha matone yaliyoungana wakati wa kushuka joto. Baada ya hapo isirudi tena. Setili alkoholi inaganda karibu na nyuzi 49, na kuanzia hapo losheni inajenga mwili wake. Chochote chenye kasi kitauvunja.

Kufunika, tumia kitambaa safi kisicho na manyoya, kinachopitisha mvuke, hadi losheni ishuke chini ya nyuzi 35.

Kihifadhi, harufu na pH

Kwenye nyuzi 40 weka kihifadhi, kisha vitamini E, kisha harufu, kimoja baada ya kingine, na uache mashine ya stendi ikoroge dakika 10. Simamisha mara mbili ukwangue chini na pembeni. Gramu 10 za kihifadhi zinapaswa kufika kila kijiko cha ile kilo, na losheni iliyokwama kwenye pembe ya chombo isipokwanguliwa haitapata kitu. Usizidishe pia: Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha fenoksietanoli kuwa asilimia 1 ya bidhaa, na mchanganyiko unaouzwa madukani kwa kawaida una fenoksietanoli karibu asilimia 90, kwa hiyo gramu 10 kwa kilo zinakuweka chini kidogo ya kikomo.

Ukipenda harufu ya karafuu ya Pemba, iweke kwa tahadhari. Mafuta yake yana eugenoli kwa wingi, nayo huwasha ngozi za baadhi ya watu. Mimi sizidishi gramu 1 kwa kilo, na losheni ya watoto siiwekei kabisa.

Pima pH losheni ikiwa imepoa. Ngozi ya mtu mzima iko kati ya 4.5 na 5.5 hivi, na losheni ikiwa 5 hadi 5.5 inakaa vizuri. Ikiwa juu, tengeneza maji ya asidi ya sitriki, gramu 10 kwenye maji gramu 90, uongeze matone machache, ukoroge dakika 2, upime tena. Anayetaka kutumia sodiamu benzoeti au potasiamu sobeti badala ya fenoksietanoli lazima ashuke karibu na 5 au chini yake, la sivyo kihifadhi kipo ndani na hakifanyi kazi.

Jambo moja kwa wanaotengeneza jeli ya kaboma, unga unaogeuza maji kuwa jeli: hiyo haikatwi kwa blenda. Kasi inakata nyuzi zake ndefu na jeli inabaki maji. Nyunyiza unga juu ya maji, koroga taratibu, na uisawazishe mwishoni kwa pangaboi tu.

Umeme ukikatika katikati

Hili si jambo la kubahatisha kwetu, kwa hiyo lipangie. Joto lako litoke kwenye gesi, mashine tu ndiyo itegemee umeme. Ukikatika wakati wa kukata, rudisha chombo kwenye maji ya moto, kifunike kwa kitambaa, shikilia nyuzi 70 na ukoroge kwa mchapo wa waya kila baada ya muda mfupi. Umeme ukirudi ndani ya saa moja, jazia maji yaliyopaa na uanze upya dakika zako 3. Ukikatika wakati wa kupoa, koroga kwa mwiko bila kuacha hadi ufike 40. Inachosha, lakini losheni inapona. Anayefikiria inveta akumbuke kwamba mota huvuta umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka kuliko wati zilizoandikwa ubavuni, kwa hiyo inveta inayolingana na wati hizo tu itazima.

Kutoka kilo 1 kwenda kilo 5

Resipe unaizidisha kwa 5, na hakuna tatizo. Muda na kasi havizidishwi hivyo. Kinachokata tone ni mwendo wa ncha ya kisu, sio idadi ya mizunguko peke yake. Kisu cha kipenyo cha sentimita 3 kikizunguka mara 10,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu mita 16 kwa sekunde. Kisu cha sentimita 6 kinafika mwendo huohuo kwa mizunguko 5,000. Ukipata mashine kubwa zaidi, tafuta mwendo wa ncha unaolingana na ule uliozoea, ndipo uanze kujaribu.

Muda nao unaongezeka, kwa sababu losheni yote inatakiwa ipite ndani ya kichwa mara kadhaa. Blenda ya mkono kwenye kilo 5 inaonekana inafanya kazi, huku losheni iliyo mbali na kichwa ikizunguka tu bila kukatwa. Kama bado huna mashine inayofaa, fanya mikupuo mitatu isiyozidi kilo 2 kila mmoja siku moja.

Kupoa kunachukua muda mrefu zaidi, maana chombo kikubwa kina eneo dogo la kutolea joto ukilinganisha na ujazo wake. Badilisha maji ya beseni yakipata moto, na usikubali kuweka kihifadhi kwenye nyuzi 55 kwa sababu jua linazama.

Kusafisha mashine

Isafishe papo hapo. Nta ikikauka ndani ya kikombe cha blenda itakudai saa nzima. Futa losheni kwa karatasi, zungusha kichwa kwenye jagi la maji moto yenye sabuni ya vyombo kwa sekunde 30, rudia kwa maji mapya, suuza, kisha chomoa plagi na upitishe brashi ndogo ya chupa chini ya kisu. Angalia pale mhimili unapoingia kwenye kikombe: ukiona utepe mweupe umezunguka, bado ni chafu. Kausha ukiwa umening'iniza kichwa chini, ili maji yasirudi kuelekea kwenye mota.

Kabla ya kuuza

Kwa kila mkupuo weka pembeni chupa tatu ndogo: moja juu ya kabati chumbani, moja kwenye friji, moja sehemu yenye joto la nyuzi 40 hadi 45. Resipe mpya ipitishe pia kwenye mzunguko wa kugandishwa usiku na kuachwa mchana, mara tatu. Zitazame kila wiki kwa miezi mitatu: maji chini, mafuta juu, harufu, rangi, pH. Kama kuna shule jirani yenye hadubini, omba uangalie tone la losheni yako kwa ukuzaji wa mara 400. Matone yanayofanana na yaliyotawanyika ni dalili njema. Matone makubwa yaliyokumbatiana yanakuambia urudi kwenye dakika zako 3 za kukata.

Tanzania, vipodozi vimekuwa chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019, baada ya kazi hiyo kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Mjasiriamali mdogo aanzie ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ya mkoa wake, apate mafunzo na barua ya utambulisho. Shirika la viwango Kenya ni KEBS, Uganda ni UNBS. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina viwango vya pamoja: EAS 377 inaorodhesha viambato vilivyokatazwa na vyenye masharti, EAS 346 inahusu lebo. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye krimu za ngozi. Mteja akikuomba umwongezee "kidogo tu cha kung'arisha", mkatalie, hata akiwa mteja wako mkubwa.

Unapopeleka sampuli, nenda na daftari la mkupuo huohuo, likiwa na tarehe, namba ya mkupuo, uzito wa kila malighafi na namba ya mfuko wake, joto la vyombo viwili wakati wa kuunganisha, namba ya kasi, dakika za kukata, joto ulipoweka kihifadhi, na pH ya mwisho. Chupa nyingine ya mkupuo huo ibaki kabatini kwako hadi tarehe ya mwisho wa matumizi ipite, ili mteja akirudi na malalamiko uwe na kitu cha kulinganisha nacho.